Tano Bora ya CCM 2015: Ungekuwa Mjumbe, Kura Yako Ungempa Nani?

Usiku wa kuamkia Julai 12, 2015, wajumbe zaidi ya 2,400 wa Mkutano Mkuu wa CCM walikuwa Dodoma wakiwa na karatasi yenye majina matatu. Siku chache kabla yalikuwa 38. Wengi wao walikuja wakiwa na mtu wao moyoni, na mtu huyo alikuwa amekwisha kukatwa. Walisikiliza maneno ya dakika chache kutoka kwa kila mgombea, wakapiga kura, na asubuhi nchi ikawa na mgombea.

Narudi kwenye mchujo ule kwa sababu sijaona mwingine unaomfundisha mjumbe kazi yake vizuri kiasi hiki. Wagombea walitofautiana kwelikweli, na rekodi zao zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuzitazama. Yaliyofuata pia tunayajua, hivyo tunaweza kukagua kama mizani tuliyotumia ilipima sawasawa. Kama wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa chama chochote, au unatarajia kuwa, chukua nafasi yangu kwa muda: kaa kwenye kiti cha Dodoma, weka majina matano mbele yako, upime.

Matano, kwa sababu hapo ndipo Kamati Kuu iliposimamia: John Magufuli, Bernard Membe, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na January Makamba. Halmashauri Kuu ya Taifa ikawaondoa Membe na Makamba. Mkutano Mkuu ukamalizia.

Mizani yangu ina swali moja linalotangulia mengine yote: huko alikotoka, mtu huyu alikuwa anashikwa mkono na nani, na huyo aliyemshika atakuwepo Ikulu? Silitoi hewani. Ibara ya 37(1) ya Katiba yetu ya 1977 inasema Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Waziri anaweza kurekebishwa na Waziri Mkuu asubuhi na mambo yakaendelea mchana. Rais harekebishwi hivyo. Kwa hiyo anayempima waziri ili awe Rais anapima mtu ambaye breki zake zinakaribia kuondolewa.

Kivuli cha aliyekatwa

Siwezi kuanza na watano bila kumtaja hayati Edward Lowassa, maana kila kura iliyopigwa Dodoma wiki ile ilipigwa jina lake likiwa hewani. Mei 30 alikuwa amejaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, akizindua alichokiita safari ya matumaini. Chama kilidai wadhamini 450 tu kutoka mikoa 15. Yeye alizunguka mikoani akikusanya maelfu kwa maelfu. Kamati Kuu ilipomkata, wajumbe watatu wa Kamati hiyo hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi. Wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani naye mbele ya Mwenyekiti Jakaya Kikwete.

Alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, ule mkataba tata wa umeme wa dharura, na doa hilo halikufutika. Waliomtaka walisema alibebeshwa mzigo wa wengine, na waliomkataa wakasema mzigo ulikuwa wake. Sitaamua hapa. Ninachotaka mjumbe akione ni kwamba aliyekatwa haondoki kwenye hesabu. Julai 28 alikuwa Chadema, na Oktoba akapata asilimia 39.97 ya kura zote za urais. Kwa hiyo mgombea wa CCM alipaswa kupimwa kama mtu atakayesimama jukwaani kushindana na Lowassa, hata kama usiku ule hakuna aliyelisema kwa sauti.

Mwandiko wa nani unaonekana?

Ukiwapanga watano kwa kazi inayoweza kuguswa kwa mkono, Magufuli anawaacha wenzake mbali, na haki ni kulisema hilo kwanza. Mwalimu wa kemia na hisabati aliyewahi kufundisha Sengerema, mbunge tangu 1995, naibu waziri kisha waziri wa Ujenzi, akahamia Ardhi 2006, Mifugo na Uvuvi 2008, akarudishwa Ujenzi 2010. Miaka ishirini serikalini bila kupumzika. Alipokuwa bungeni alitaja urefu wa barabara kwa kilometa na vipande vyake bila kutazama karatasi, na wabunge wa upinzani waliokuwa hawaelewani naye kwa lolote walimwomba barabara kwa heshima. Mtu wa Singida au Kigoma hakuhitaji kuambiwa Magufuli ni nani. Alipita juu ya kazi yake.

Lakini soma faili lote, sio ukurasa wa lami peke yake.

Mwaka 2011 alipeleka matingatinga kwenye hifadhi za barabara, na bomoabomoa ikapamba moto hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda na Rais Kikwete wakamtaka apunguze kasi. Januari 2012 nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, watu wakalalamika, naye akawaambia asiyeweza kulipa apige mbizi. Oktoba 2013 alifuta nafuu ya asilimia 5 kwa malori yanayozidisha uzito kwenye mizani. Wenye malori wakagoma, foleni zikajaa barabarani, Pinda akasitisha agizo hilo.

Tazama jambo hili kwa utulivu. Katika lile la mizani Magufuli alikuwa na hoja nzito ya kisheria, na lori linalozidisha uzito ndilo linaloua barabara aliyoijenga kwa kodi zetu. Hata hifadhi ya barabara ina sheria yake. Sisemi alikosea kila mara. Nasema kwenye bomoabomoa na kwenye mizani mwisho ulikuwa mmoja: aliamua haraka, aliamua peke yake, na aliyemsimamisha alikuwa mtu aliyekaa juu yake. Sijapata mfano mkubwa ambao alijisimamisha mwenyewe.

Kuna pia ile meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 ikivua kwenye bahari yetu kuu, naye akiwa waziri wa Uvuvi. Wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu wanawakumbuka samaki wa Magufuli. Tuliona fahari, na mimi niliiona, kwa sababu nchi yetu ilizoea kuibiwa samaki bila hata kupiga kelele. Mwaka 2012 watu wawili walihukumiwa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu kwa kasoro za mwenendo wa mashtaka. Kesi haikuwa ya waziri kuiendesha, na simbebeshi lawama hiyo. Hata hivyo ile meli inasimulia vizuri tulichokuwa tunanunua: ujasiri wa kukamata, katika serikali ambayo taratibu zake zilikuwa zinakimbia nyuma ya ujasiri huo zikihema.

Sasa mweke Membe kando yake. Waziri wa Mambo ya Nje tangu Januari 2007 hadi 2015, mbunge wa Mtama tangu 2000, na ana masomo ya uhusiano wa kimataifa kutoka Johns Hopkins. Kipindi chake kilikuwa na majeshi yetu kwenye kisiwa cha Anjouan, Komoro, mwaka 2008, mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa uliochemka 2012, na askari wetu kwenye kikosi kilichopigana na waasi wa M23 mashariki mwa Kongo 2013. Hayo ni mambo mazito kuliko mizani ya malori. Tatizo ni kwamba sera ya nje ya nchi hii huandikwa Ikulu. Kikwete mwenyewe alikuwa amekaa Mambo ya Nje miaka kumi na aliipenda kazi ile. Ukimtazama Membe huwezi kujua ni mstari upi aliuchora yeye na upi aliuchorewa. Aliitetea nchi kwa ufasaha, na ufasaha ni sifa, ila mjumbe anayetaka kujua Membe ataamua nini akibaki peke yake hapati jibu kwenye faili lake.

Migiro ni mgumu zaidi kumsoma, na ndiye niliyemfikiria kwa muda mrefu kuliko wote. Mwanasheria, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye udaktari wa Konstanz nchini Ujerumani. Waziri wa Maendeleo ya Jamii tangu 2000, kisha mwanamke wa kwanza kushika Mambo ya Nje, 2006. Februari 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa chini ya Ban Ki-moon, akakaa hadi 2012. Hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kushika cheo hicho. Kiutendaji, hata hivyo, ni kazi ya kuendesha chombo ambacho kila uamuzi wake una mataifa mengi ndani yake. Mtu anayedumu pale miaka mitano amejifunza kufika bila kumkanyaga mwenzake. Je, anaweza kukata shauri peke yake usiku wa manane? Rekodi haikatai wala haithibitishi.

Halafu kuna jambo linalonisumbua hadi leo. Januari 2014 aliteuliwa kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, na mwaka huo huo Bunge Maalumu la Katiba likakaa. Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao, muundo wa serikali tatu uliopendekezwa na Tume ya Jaji Warioba ukiwa umewekwa kando. Mwenyekiti wa Bunge lile alikuwa Samuel Sitta, na msimamo ulikuwa wa chama. Migiro hakuwa dereva. Lakini alikuwa waziri wa wizara yenyewe, msomi wa sheria, na sikumbuki kumsikia akisema gari lisimame abiria wapande. Kwenye mizani yangu hilo linapunguza uzito wake, maana swali ni breki, na breki inajulikana pale mteremko unapoanza.

Balozi Amina Salum Ali nitampitia kwa haraka zaidi, na kosa ni la mchujo wenyewe kuliko lake. Wajumbe wa Bara walimjua kidogo mno. Alikuwa waziri wa fedha wa Zanzibar katika miaka ya 1990, na tangu 2007 balozi wa Umoja wa Afrika mjini Washington, wa kwanza kupewa kituo hicho. Mwaka 2000 alijaribu tiketi ya urais wa Zanzibar. Aliyewahi kushika hazina ya serikali ndogo yenye mahitaji makubwa anajua neno hapana linavyotamkwa, na ningependa kusikia zaidi habari za miaka ile. Dakika chache za jukwaani hazikutosha.

Makamba alikuwa na miaka 41, mbunge wa Bumbuli tangu 2010, naibu waziri wa Mawasiliano tangu 2012, na kabla ya hapo msaidizi wa Rais Kikwete. Alizungumza habari za ajira na teknolojia kwa lugha ambayo wenzake wanne hawakuwa nayo, na vijana walimsikiliza. Naibu waziri, kwa sheria na kwa mazoea yetu, haandiki kitu kwa mwandiko wake. Kwa hiyo kura kwake ingekuwa kura ya ahadi. Miaka iliyofuata ilimpa kalamu: marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilitoka yeye akiwa waziri wa mazingira, na ile ilitekelezwa, mifuko ikatoweka sokoni. Kabla ya miezi miwili kupita hakuwa waziri tena. Mjumbe wa 2015 asingeweza kuyajua hayo, na simlaumu aliyeona ni mapema.

Nani alianza mbio kabla ya filimbi

Februari 2014 CCM iliwapa onyo kali makada sita kwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati: Lowassa, Membe, Makamba, Frederick Sumaye, Stephen Wasira na William Ngeleja. Kati ya watano wetu, wawili wamo. Na wawili hao hao ndio walioachwa Halmashauri Kuu.

Wengine huona hili ni jambo dogo, kwamba mwanasiasa kutafuta cheo ni kawaida yake. Mimi nalipa uzito. Aliyevunja kanuni ya chama chake akitafuta kupewa dhamana, ukishampa dhamana kanuni itamzuiaje? Magufuli alichukua fomu kimya kimya, hakuita waandishi wala hakukodi uwanja, akapita mikoani kutafuta wadhamini kama mtu anayekagua barabara zake. Hapo alistahili alama kamili na alizipata. Migiro na Amina nao hawakuwa na doa hilo.

Na mtandao? Kwenye siasa zetu mtandao ni kundi linalomzunguka mtia nia kwa miaka, linachanga fedha, linapanga wajumbe mikoani, na likishinda linadai hesabu yake. Lowassa alikuwa nao mkubwa kuliko wote, na wengi walimwona Membe kama mrithi wa kambi iliyokuwa madarakani. Magufuli hakuwa na kundi la kumdai. Wajumbe waliona faida tu katika hilo: hana wa kumlipa fadhila. Upande wa pili wa sarafu wachache waliutazama. Asiye na wa kumlipa fadhila anaweza pia kukosa wa kumkalisha chini akamwambia, ndugu, hapa umekwenda mbali.

Muungano, na wanawake wawili

Kwa mara ya kwanza karatasi ya mwisho ya CCM ya urais wa Muungano ilikuwa na wanawake wawili kati ya majina matatu. Nilisikia watu wakisema wamewekwa pale kumsindikiza Magufuli. Maneno yale yalinichoma, na bado yananichoma, kwa sababu kwa vyeo vya nje hakuna aliyewafikia hata mmoja.

Upande wa Zanzibar, hadi wakati huo Rais wa mwisho wa Muungano aliyetokea visiwani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, aliyemaliza 1995. Baada yake walikuja Mkapa na Kikwete, wote wa Bara, miaka ishirini. Kwa mjumbe anayeamini Muungano hulindwa kwa kupokezana, Balozi Amina alikuwa jibu pekee kwenye karatasi, na sishangai alipata kura nyingi kuliko Migiro. Chama kiliziba pengo kwa njia nyingine asubuhi ile ile: Samia Suluhu Hassan akatangazwa mgombea mwenza. Wakati huo wengi tuliichukua kama nafasi ya heshima. Machi 2021, Magufuli alipofariki na Samia akarithi urais, tulijua uzito wake. Mjumbe anayepiga kura ya mgombea urais anapiga, bila kuulizwa, na kura ya mrithi wake.

Kushinda Oktoba

Hapa sihitaji maneno mengi. Ungetaka mtu wa kusimama mbele ya Lowassa, asiyeguswa kwa nguvu na tuhuma za ufisadi, anayejulikana hadi kijijini, mwenye asili ya Kanda ya Ziwa ambako kura zimejaa, usingepata mwingine zaidi ya Magufuli. Suala la uuzaji wa nyumba za serikali enzi za Mkapa lilikuwepo, na yeye ndiye alikuwa waziri wa Ujenzi. Halikumwangusha. Kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu ilikaa midomoni mwa watu haraka kwa sababu ililingana na kile walichokwisha kukiona. Alishinda kwa asilimia 58.46. Ulikuwa ushindi mdogo kuliko wowote wa CCM tangu vyama vingi virudi, na nina hakika yeyote kati ya wale wanne angepata mdogo zaidi.

Ukiwasogeza pamoja

Kama shabaha yako ilikuwa barabara, reli, umeme na nidhamu kazini, ulikuwa na mgombea mmoja, na aliyokuahidi uliyapata: elimu bila ada kuanzia 2016, ujenzi wa reli ya kisasa, bwawa la Mwalimu Nyerere, serikali kuhamia Dodoma baada ya miongo ya maneno. Kama ulitaka nchi iendelee na sura yake ya nje kama ilivyokuwa, Membe. Kama ulijali Muungano kuliko yote, Amina. Mwenye kutaka kizazi kipya hata kwa gharama ya uzoefu angekwenda kwa Makamba. Na aliyetaka mtu aliyezoea kufanya kazi ndani ya mipaka ya sheria na vikao, aende kwa Migiro, akijua kwamba huko kwenye mipaka ndiko hasa hajawahi kuonekana akiitetea mbele ya wakubwa wake.

Bomoabomoa ya 2011 na mizani ya 2013 zilifika Ikulu pamoja na barabara. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, na haikurudi hadi Januari 2023. Hakukuwa na Pinda wa kusitisha agizo. Vyombo vya habari vilibanwa. Watu waliokosoa walijifunza kunong'ona. Hakuna lolote hapo lililokuwa geni kwa aliyesoma faili lote Julai 2015, na hilo ndilo linaloniuma, maana faili lilikuwa mezani.

Linganisha pia na mikutano iliyotangulia. Mwaka 1995 Kikwete aliongoza duru ya kwanza kwa kura 534, Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Duru ya pili Mkapa akapita kwa 686 dhidi ya 639. Wajumbe walipima kweli, wakagawanyika kweli. Mwaka 2005 Kikwete alipata 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122, na ingawa Salim alichafuliwa kwa maneno ya asili yake ambayo hayakupaswa kutamkwa katika chama cha Nyerere na Karume, palikuwa na mashindano. Mwaka 2015 ilikuwa Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Kura za namna hiyo zinaonyesha kwamba uchaguzi ulikwisha kabla ya Mkutano Mkuu, kwenye chumba cha Kamati Kuu. Mjumbe anayesubiri siku ya karatasi ndipo aanze kupima amechelewa. Kazi yake ilikuwa Juni, watia nia walipopita mkoani kwake kuomba udhamini. Pale palikuwa pa kuuliza: mheshimiwa, mara ya mwisho uliposimamishwa na mkubwa wako ulifanya nini kesho yake? Na aliye chini yako alipokukatalia, yuko wapi sasa?

Maswali hayo kwa Magufuli yangekuwa na majibu ya kutafutwa, maana alikuwa na matukio. Kwa Migiro pia: ungemuuliza habari za Aprili 2014, siku UKAWA walipotoka, alimwambia nini Sitta na alimwambia nini Mwenyekiti wa chama. Jibu lake lingenitosha kumwacha au kumchukua.

Kura yangu

Ningekuwa Halmashauri Kuu, Membe na Makamba ningewaacha kama walivyoachwa, kwa lile onyo la 2014.

Kwenye karatasi ya mwisho, Magufuli angenivuta sana. Mimi ni mtu niliyesafiri siku tatu kwenye njia ambayo leo ni ya saa nane, na siwezi kujifanya sijui ni nani alisimamia mabadiliko hayo. Ningekaa na kalamu muda mrefu. Ningefikiria Kigamboni, yule mama mwenye shilingi 100 mkononi akiambiwa apige mbizi, na jinsi ambavyo hakuna aliyelazimisha maneno yale yaombewe radhi. Ningefikiria Ibara ya 37. Balozi Amina ningemweka pembeni kwa kukosa muda wa kumjua, na ningeona aibu kwa hilo.

Halafu ningemwandikia alama Dkt. Migiro, nikiwa bado sijaridhika na yale ya Bunge Maalumu, kwa sababu kati ya watatu ndiye pekee niliyekuwa na ushahidi wa miaka mingi kwamba anaweza kukaa kwenye cheo kikubwa bila kuhitaji mtu wa kumshika mkono. Yangekuwa matokeo yale yale. Kura zake zingekuwa 60.